Fomu Haina Masikio

Kuna maradhi yamewaingia wasomi wetu wa mambo ya akili, na maradhi yenyewe hayamo katika kitabu chochote cha tiba. Dalili zake ni hizi: mgonjwa hupokea fomu kutoka ng'ambo, huitafsiri usiku mmoja, huipeleka kijijini au kambini, huwauliza waliofiwa, waliobakwa na waliokimbizwa makwao maswali ishirini kwa nusu saa, hujumlisha namba, huondoka. Miaka mitatu baadaye huitwa Daktari. Walioulizwa hubaki pale pale alipowakuta. Wengine hubaki pabaya zaidi, maana kidonda kilichokuwa kimeanza kushika kigaga kimekwanguliwa, na aliyekikwangua hakuacha hata kitambaa cha kukifungia.

Simsemi mtu mmoja. Namsema mwanafunzi wa uzamivu katika saikolojia ya tiba, aliyechagua mada inayopendwa sana: "Kiwewe na Wasiwasi miongoni mwa", halafu jaza mwenyewe: wakimbizi, yatima, wajane, waendesha bodaboda. Anaweza kuwa mgeni wa kutoka Ulaya, anaweza kuwa kijana wetu tuliyekula naye ugali wa bwenini. Rangi yake hainishughulishi. Kinachonishughulisha ni fomu yake.

Lakini kabla sijaishika fomu hiyo, nina jamaa fulani wa kuwafungia mlango, kwani naona wamekwisha anza kunipigia makofi.

KIWEWE HAKINA PASIPOTI

Jamaa hao ni wale wasemao kwamba kiwewe ni ugonjwa wa Wazungu. Eti Mwafrika ana ukoo, ana ngoma, ana matanga, ana sala. Akilia siku tatu msibani, ya nne anarudi shambani mzima kama kigongo. Maneno matamu hayo, bwana, tena yanafaa kwa hotuba. Ila ni uongo, na uongo huo unawaumiza watu.

Waulizeni wa Nairobi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu zaidi ya 200, na asubuhi hiyo hiyo jingine likaua watu Dar es Salaam. Nairobi wengi waliumia macho kwa sababu walikimbilia madirishani kutazama mlio wa kwanza ulikuwa wa nini, ndipo mlipuko mkubwa ukawarushia vioo usoni. Mtu aliyepona namna hiyo, miaka kumi baadaye akasikia mlango umebamizwa na jasho likamtoka, huyo naye kaambukizwa Uzungu? Waulizeni walionusurika katika Mv. Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Mamia ya watu walizama, si mbali na bandari ya Mwanza, na wengine walisikika wakigonga chuma kutoka ndani ya meli iliyopinduka, mpaka mlio ukazimika. Wale waliokuwa juu wakiusikiliza mlio huo nao walirudi nyumbani. Walirudi na nini vichwani?

Nenda Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wanyarwanda hawakuazima jina la kuita kile kilichowapata. Walilishika neno lao wenyewe, ihahamuka, neno linalohusishwa na mapafu: mtu kukatwa pumzi na hofu kana kwamba mapafu yanataka kumtoka. Kila Aprili, katika siku za kumbukumbu, wako wanaoshikwa na hali hiyo hadharani, na wasaidizi hukaa tayari kuwapokea. Hiyo si fasheni iliyoigwa kwenye sinema. Ni mwili unaokumbuka hata mdomo ukinyamaza.

Kwa hiyo nyie wenye kusema "sisi hatuna hayo", tafadhalini shukeni jukwaani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Maumivu haya ni yetu, na ndiyo sababu nauliza ni nani anayeyapima, kwa kipimo gani, na kwa faida ya nani.

MIZANI ILIYOINAMA

Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet, London, juu ya askari waliotoka vitani wamepoteza kumbukumbu, wengine hata kuona, ingawa makombora hayakuwaachia jeraha la kutosha kueleza hali hiyo. Ugonjwa ukaitwa mshtuko wa makombora, na ukajulikana duniani.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, Waingereza na Wajerumani walikuwa wakifukuzana maporini, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa babu zetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na kuhara damu kuliko kwa risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, kilituachia jina moja tu: Kariakoo. Kila siku tunanunua vitunguu na mitumba juu ya jina hilo, wala hatukumbuki. Mwaka 1927 Dar es Salaam ikapata sanamu ya Askari. Je, mpagazi aliyerudi kwao Unyamwezi, nani alimuuliza kama analala usiku?

Walipoanza kutupima akili, walikuja na mizani iliyoinama. Dakta J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari huko Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida, mzima, asiye na ugonjwa wowote, na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamchapishia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakageuzwa watu walioshindwa kuuhimili ustaarabu. Dai likawa dalili!

Frantz Fanon, daktari wa akili aliyewatibu Blida, Algeria, walioteswa na hata waliotesa, alimjibu Carothers na wenzake katika kitabu chake cha 1961, ambacho Kiswahili kinakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Lakini wazee wa Mau Mau wenyewe walingoja mpaka Juni 2013, ndipo serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000 fidia ya karibu pauni milioni 20 kwa mateso ya makambini. Kati ya kipigo na pole ulipita umri mzima wa mtu.

Na hili jina linaloandikwa siku hizi katika kila tasnifu, msongo wa baada ya kiwewe, liliingia katika kitabu cha magonjwa cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu. Liliingiaje? Kwa sehemu kubwa kwa sababu askari waliorudi kutoka Vietnam, pamoja na madaktari waliosimama upande wao, walikataa kuambiwa ni walevi na waoga. Zingatia hapo, ndugu msomaji: jina hilo halikushuka kutoka mbinguni. Walilidai wenye maumivu, kwa lugha yao, kwa watu waliowaelewa. Sasa wetu wanaoumia, wanaruhusiwa kudai kwa lugha gani?

GANZI YA MGUU UPI?

Hapa naomba nizungumze nililoliona kwa macho. Niliwahi kuajiriwa kwa siku chache kama mkalimani wa mtafiti mmoja, kazi ya posho, chuo chake nakiacha bila jina. Fomu ilikuwa imekwisha tafsiriwa na kugongwa muhuri. Kazi yangu ilikuwa kuisoma kwa sauti na kuweka alama, sifuri mpaka nne. Nilikatazwa kubadili hata neno moja, maana neno likibadilika, kipimo kinaharibika.

Swali moja lilisema: "Katika mwezi uliopita, umesumbuliwa kiasi gani na kuhisi ganzi?" Mama mmoja wa makamo akatazama miguu yake, akauliza, "Ganzi ya mguu upi, mwanangu?" Mtafiti alitaka ganzi ya moyo, yule mama akatoa ya mguu wa kushoto, tena akaieleza vizuri: inaanzia kiunoni. Akapewa tatu.

Swali jingine lilimtaka aseme kama anahisi kwamba maisha yake ya mbele yatakatika kabla ya wakati. Akacheka kidogo. "Mwanangu, kesho ni ya Mungu." Haya, tia alama hapo! Kwenye fomu hiyo ni dalili ya ugonjwa. Kwetu ni adabu. Anayesema kwa hakika kwamba kesho atakuwapo ndiye anayetiliwa shaka. Halafu, wakati karatasi zinakunjwa, yule mama akasema jambo ambalo hakuulizwa: tangu mwanawe auawe, hawezi kupika wali, kwa sababu siku ile alikuwa anachambua mchele. Amewalisha wajukuu ugali miaka sita. Nikamtazama mtafiti. Kalamu imekwisha fungwa. Fomu haikuwa na kijisanduku cha mchele.

Mtaniambia kipimo kilithibitishwa. Najua. Najua wanavyothibitisha: wanatazama kama maswali yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, na hesabu ikivuka 0.7 watu wanapeana mikono. Lakini mizani ya muuza nyama nayo inakubaliana na nafsi yake. Kila siku inapunja gramu mia, zile zile, bila kukosea. Kipimo kuwa na msimamo ni kitu kimoja, kupima kile unachodai unapima ni kitu kingine. Hilo wamefundishwa darasani mwaka wa kwanza. Wakifika kwetu wanalisahau, manake muda ni mfupi na ufadhili unakwisha Desemba.

"BAADA" YA NINI?

Kuna neno moja dogo katika jina la ugonjwa ule ambalo linanikera kuliko yote: baada. Msongo wa baada. Kana kwamba kwa kila mtu jambo limepita, mlango umefungwa, sasa tukae tuhesabu athari.

Mchukue mkimbizi wa Kongo aliyefika Kasulu, kambi ya Nyarugusu, miaka ya 1990. Alizaa humo, na mwanawe akazaa humo humo. Ukimjia na fomu ukamuuliza kama yuko macho kupita kiasi, anageuka geuka, anajihadhari hata pasipo hatari, utamwandika mgonjwa. Lakini mwanamke anayetoka kambini kutafuta kuni, akijua wenzake walivamiwa kwenye njia ile ile, asipogeuka nyuma ni mjinga. Wasiwasi wake una akili timamu. Anayehitaji tiba hapo kwanza ni njia ya kuni.

Sisemi kwamba kwa hiyo asitibiwe. Mtu anaweza kuwa hatarini kweli, na papo hapo hofu ikawa imemzidi hata analala na viatu na mtoto akimgusa anapiga yowe. Nasema mtafiti akiandika namba bila kuandika njia ya kuni, amefanya kazi ya Carothers kwa tabasamu. Amechukua dai akaliita dalili.

WALIOSIKILIZA KWANZA

Haya, utaniuliza, kwani kuna namna nyingine? Ipo, na si ndoto ya washairi.

Kusini mwa Uganda, Masaka na Rakai, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton hawakuanza na fomu. Walianza kwa kuwauliza wenyeji: tangu UKIMWI utupige, ni shida gani zinawapata watu, nanyi mnaziitaje? Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa na okwekubagiza: mtu kujichukia, na mtu kujihurumia mpaka akazama. Kipimo kikajengwa juu ya maneno hayo. Halafu vijiji 30 vikagawanywa: nusu wakapata vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa, nusu wakangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokaa vikundini walipata nafuu kubwa kuwazidi wenzao. Hiyo ni sayansi, tena ngumu, yenye kulinganisha na kuhesabu. Kusikiliza hakukuipunguzia kitu.

Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda hakuwa na fedha wala majengo. Alikuwa na mabibi. Akawafunza wakae kwenye benchi nje ya zahanati, wamsikilize mtu mwenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Benchi lilipoitwa la afya ya akili, watu walilikwepa; mabibi wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la kupeana mashauri. Jina likawaleta watu. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na mabibi walikuwa na hali bora baada ya miezi sita. Kumbe neno nalo ni dawa!

Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa kumsaidia mtu asimulie maisha yake mwanzo mpaka mwisho, mazuri na mabaya, mpaka tukio la kutisha likapata mahali pake katika hadithi badala ya kumvamia usiku. Matokeo yalitoka 2008. Mashariki ya Kongo, wanawake waliobakwa walikaa kwenye vikundi vya tiba ambavyo ilibidi virahisishwe ili hata asiyejua kusoma avifuate. Matokeo yalitoka 2013, nao walipata nafuu kuliko waliopewa msaada wa kawaida. Basi asije mtu kutuambia kwamba mwanakijiji hafai kutibiwa mpaka ajue kusoma fomu.

MADAI YETU

Kwa hiyo sisi vijana wa kalamu tunadai. Hatuombi.

Kwanza, kabla ya fomu, masikio. Mtafiti akae, aulize watu wanaitaje shida yao, aandike majina hayo. Kiswahili si maskini hapa. Tuna kiwewe, na fadhaa, na kihoro cha aliyepoteza, na simanzi, na jinamizi linalokalia kifua, na kiherehere cha moyo, na mtu "aliyejiinamia". Kila neno lina mlango wake. Anayeyasomba yote na kuyatia kwenye gunia moja la "msongo wa mawazo" ni mvivu, hata awe na shahada nne.

Pili, usifungue usichoweza kufunga. Ulaya na Marekani walikuwa na mtindo wa kumkalisha mtu mara moja tu, muda mfupi baada ya maafa, na kumfanya aseme yote. Mwaka 2002 majaribio yaliyofanywa yalikusanywa na kupimwa kwa pamoja: kikao hicho kimoja hakikuzuia ugonjwa, na kwa baadhi ya watu huenda kiliuzidisha. Sasa mahojiano ya nusu saa ya mwanafunzi, bila kurudi, yana tofauti gani na kikao hicho? Asiye na mahali pa kumpeleka mhojiwa anayebubujikwa na machozi, asimuulize.

Tatu, matokeo yarudi. Yarudi kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mahali hapo, yasomwe kwa sauti chini ya mwembe, na waliohojiwa wawe na haki ya kusema, "Hapa umetusingizia." Wataalamu watafoka: tasnifu ni ya Kiingereza, mtahini yuko ng'ambo, Kiswahili hakina istilahi. Istilahi! Mama yule wa mchele alieleza kwa sentensi mbili jambo ambalo darasani huchukua muhula mzima: kwamba kiwewe hujificha katika vitu vidogo, na mtu hupanga maisha yake yote ili asikutane navyo. Kama lugha yake ilimtosha kulisema, mbona haikutoshi wewe kuliandika? Mtahini wako mpe Kiingereza chake. Lakini nakala ya pili ni deni, na dawa ya deni kulipa.

Nne, na hili linatuhusu sisi wa gazeti hili. Waandishi wetu walifika huko kabla ya watafiti. Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974, miaka sita kabla madaktari wa Marekani hawajaliandika lile jina lao. Na yule Kazimoto wake, msomi anayetafunwa kutoka ndani mpaka akajiua, hakuhitaji fomu ili tumwelewe. Basi tusijifungie na mapenzi na mizaha. Watu waliokaa na jinamizi miaka thelathini wako mitaani kwetu, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya nyumba zetu. Kazi ya kuwatafutia maneno ni yetu, na mwanasaikolojia mwenye akili atakuja kutubishia hodi, si sisi kwake.

Na wewe mwanafunzi wa uzamivu, ndugu yangu, usikasirike ukaitupa karatasi hii. Tunakuhitaji. Nchi zetu zina madaktari wachache mno wa akili, na maumivu hayangoji mpaka washairi wamalize kubishana. Jifunze takwimu, jifunze tiba, pata udaktari wako, tutakuja kukupigia vigelegele. Ila siku ile ukienda kuhojiana na watu, fomu iache kwanza kwenye mkoba. Omba maji ya kunywa. Uliza habari za nyumbani, na ungoje jibu mpaka liishe. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Lakini huyu bado hajafa, anazungumza, tena anakwambia kwa nini hapiki wali. Mwandike huyo.